Bakuli la Sikhye

"Kaka kanijia tena ndotoni," Malsuk alisema kabla hajavua viatu. "Kasimama getini, kakonda, analia njaa. Wifi, hivi unamlisha nini ndugu yangu?"

Jomrye hakugeuka. Alikuwa akichuja sikhye, kinywaji kitamu cha wali. Maji ya kimea cha shayiri yalikuwa yameiva, punje za wali zimeelea juu, na utamu wake ulinukia hadi barazani.

"Kila mwaka namfanyia tambiko, wifi. Unaona mwenyewe."

"Naona. Ila hashibi."

Malsuk akaanza kukagua vyakula, pua mbele. "Pilipili hujatia? Kitunguu saumu? Hivyo vinafukuza marehemu."

"Sijatia."

"Na hizi?" Kando ya jokofu palikuwa na kikapu cha matunda ya pichi. "Wewe umezeeka bure. Hujui wafu hawasogei palipo na pichi?"

"Kaleta jirani. Ukiishi peke yako watu wanakuonea huruma."

Malsuk akakibeba kikapu hadi nje ya geti. Aliporudi, uso ulikuwa umelegea. Kizingitini palikuwa na jozi moja tu ya ndara, na jikoni redio ilikuwa ikijisemea yenyewe.

"Pole, wifi. Kaka alikuwa na hasira zake, lakini angalau nyumba ilikuwa na mtu."

"Ilikuwa na mtu," Jomrye alikubali, akisugua vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo tangu enzi za mumewe havikunjiki.

Jioni alifika Kitae, mtoto wa mdogo wa mumewe Jomrye, akapanga meza mbele ya picha ya marehemu: samaki, nyama, mboga, matunda.

"Mama mkubwa, nipe bakuli la sikhye nilijaze."

"Acha, mwanangu. La kwake najaza mimi."

Lilikuwa limeshajaa punje hadi ukingoni, na mbegu za msonobari juu. Akaliweka mezani kwa mikono miwili.

"Unaona mapenzi hayo?" Malsuk alimnong'oneza Kitae, machozi yakimlengalenga.

Mlango wa mbele ukaachwa wazi. Kitae akamimina pombe ya mchele, akasujudu, kisha wote wakatoka chumbani ili marehemu ale bila kutazamwa. Barazani Malsuk alikodolea geti macho. Jomrye naye vivyo hivyo. Upepo ukalisogeza pazia.

"Kaingia," Malsuk alisema.

Jomrye akarudi nyuma ghafla, sikhye ya gilasini ikamwagikia sketi yake. Malsuk akamshika bega.

Baadaye Kitae akakohoa kidogo, kama ilivyo adabu, wakaingia. Walikula, wakanywa sikhye baridi, Malsuk akafungiwa chupa ya kwenda nayo.

"Leo lala vizuri, wifi. Amekuja."

Gari la Kitae likaondoka nao. Upweke ukarudi kwenye kila chumba, na Jomrye aliuchukia, hakuwahi kuuzoea. Angetoa chochote apate mtu wa kumuuliza kama amekula.

Akakaa mbele ya picha. Akaivuta meza, akachukua kijiko, akakizamisha kwenye bakuli la mumewe, chini ya wali, hadi kikagonga kitu.

Kipande cha pichi kilikuwa pale pale alipokifukia asubuhi, kama kila mwaka. Akakila polepole, kisha akaenda kufunga mlango.