Asante ya Mama Guo

Tangu sheria ya adabu ianze, kila jikoni kuna sikio la chuma ukutani. Ukipewa kitu usiposema asante kwa Kiingereza, linakata umeme wa nyumba nzima.

Jana mama mkwe wangu, Mama Guo, Mchina muuza vitenge wa Kariakoo, alimpakulia binti yake supu ya tambi. Mke wangu Lan alilitazama sikio, akasema asante.

Mama Guo aliweka upawa chini. "Mimi mhudumu wa hoteli? Kwetu asante ni ya wageni. Mtoto wangu anakula, basi!"

"Mama, umeme ukikatika mashine ya kupumulia ya mjukuu wako itazima," alisema Lan.

"Ningekuwa na nyundo ningelivunja hilo sikio!" nilifoka.

"Nyundo iko chini ya sinki, mkwe. Ubavu ndio huna."

Sikuinuka.

Mama Guo alitia mkoba begani. Mlangoni Lan alimpa viatu vyake huku akilia. Mama yake alivipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akatamka asante kwa Kiingereza safi kabisa.

Sikio likawaka taa ya kijani. Lan akashika shavu kama aliyepigwa kofi.