Mkutano wa Ghorofa ya Tatu

Lifti ilikuwa mbovu tangu juzi, na mkutano uko ghorofa ya tatu. Mwandishi alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya ngazi, mwongozo mapajani.

Mwongozo aliuandika yeye: lugha gani itumike kwenye vitabu vya maelekezo ya mashine, ili mnunuzi yeyote asijione katupwa nje. Usiandike "simama mbele ya mashine," kana kwamba kila mtu husimama. Usiandike "hata mwanamke ataiweza." Atakayeuwasilisha vizuri leo ndiye atakayekuwa mkuu wa kitengo, na hicho cheo alikitamani kuliko kitu chochote.

"Mzee yule ana roho mbaya, jamani!" alisema wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye pia alifanya naye kazi chumba kimoja. Mzee ni mkurugenzi, aliyewahi kuandika "vilema" kwenye rasimu, mwandishi akamfutia kwa wino mwekundu. "Anajua fika huwezi kupanda, akapeleka mkutano juu makusudi. Ngoja nikawashushe. Utanilipa nini?"

"Kaka yangu nimekupa, unataka nini tena?"

Wakacheka. Wifi akapanda mbio, nakala yake ya mwongozo mkononi.

Mwandishi akasubiri. Akasikia viti vikiburutwa, kisha, baada ya muda mrefu, makofi.

Wifi alishuka macho mekundu. "Wamegoma kushuka. Nikaona kazi yako isipotee bure, nimewasomea mimi. Nisamehe, wifi yangu."

Mwandishi alimvuta akamkumbatia, machozi yakimtoka. "Nikusamehe nini? Bila wewe ningekuwa mgeni wa nani hapa? Huyo mzee ndiye simsamehe."

Mzee mwenyewe akawa anashuka, anahema, kashika reli ya ngazi. Mwandishi akageuza kiti akamkabili.

"Mkurugenzi, kweli hukuona hata aibu?"

"Aibu ya nini, mwanangu?" Mzee alishangaa, akamtazama yeye, akamtazama na wifi yake. "Ukumbi wa hapa chini niliuandaa mwenyewe kwa ajili yako. Huyu akaja jana, akaniambia mwongozo wako unakataza mtu kufanyiwa mambo ya pekee, kwa hiyo turudi juu. Na kwamba cheo umemwachia yeye."