Mkono Wenye Nili

"Nani anakubali tusiulipe ushuru wa chai wa mfalme?" mwenyekiti wa mkutano aliuliza.

Mikono ikanyanyuka kanisa zima, na mmoja ulikuwa wa bluu hadi kiwikoni. Ulikuwa wa Mehitabel, mjane mtia nguo rangi, aliyekuja kumletea kaka yake koti tu.

Sote tuligeuka kumtazama. Tone la nili lilikuwa likimteremka mkononi taratibu.

"Shusha mkono, mama," mwenyekiti alisema kwa upole. "Wanaopiga kura hapa ni wanaume."

"Kwani kodi ya mji silipi?"

"Unalipa, tena huchelewi kama kaka yako."

Tukacheka. Yeye alisubiri tunyamaze.

"Mnasema London haina haki ya kuwatoza kodi watu wa makoloni wasio na sauti kule. Nataka kujua tu, bwana. Sauti yangu mimi iko wapi?"

Mwenyekiti alimtazama kidogo, kisha akamwambia karani, "Hesabu mikono." Karani akaanza kuhesabu, na alipomfikia Mehitabel akasita, akamgeukia mwenyekiti.

"Nimesema hesabu mikono," mwenyekiti alisema. "Sikusema suruali."