Jina la Kwenye Kona

Jina lilibaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye kitambaa, na kitambaa kilikuwa mkononi mwa Damaris.

Tone moja tu la maji ya AC lilidondokea kona ya picha. Akalifuta haraka, akasahau kwamba kitambaa hicho hicho kimetoka kufuta meza kwa tina ya kuyeyushia rangi. Herufi za dhahabu zikaufuata mkono kama siagi.

Na aliambiwa! Nusu saa tu iliyopita Madam Jumana alisimama mlangoni, ufunguo wa gari kidoleni, akasema kwa Kiunguja chake cha kubembeleza: "Damaris mwanangu, safisha kila kitu, ila bibi huyu usimguse. Kona ile n'taishughulikia mwenyewe mbele ya mgeni. Miaka kumi na moja namtafuta."

Damaris alijua anasemwa yule aliyechorwa: mama wa Kizungu wa zamani za kale, miaka mia nne na ushee, anakata ndimu, vidole vimechafuka rangi. Na kwenye kona, kwa dhahabu, jina la mwanaume aliyemchora. Mtu mkubwa huyo. Madam alitengeneza picha kuukuu za matajiri kwenye godauni lake la Ras Al Khor, katikati ya gereji na maduka ya spea, lakini hakuna picha iliyowahi kuletewa mgeni wa makumbusho kwa ndege.

Kesho saa tisa Damaris naye alikuwa na ndege. Mama yake amelazwa Busia, kidonda cha mguu kimepanda, madaktari wanataka kukata, na bibi kizee amekataa kusaini mpaka amwone binti yake kwa macho. Miaka minne ya kazi ughaibuni hajamwona.

Picha ikiharibika ni polisi. Polisi ni kesi, na mwenye kesi hapandi ndege. Mfilipino wa kitanda cha juu chumbani kwao alivunja chombo cha arbab, bosi wake, akafungiwa safari miezi saba. Akamzika baba yake kwa video ya simu.

Damaris akatoka mbio na kandambili mpaka gereji ya jirani.

Hamuza, Mganda mpaka rangi wa magari, alikuwa amechuchumaa kando ya mlango wa Patrol, vumbi la rangi mpaka kwenye kope.

"Hamuza, nimeisha."

"Mbona bado unatembea?"

"Usinichezee! Njoo!"

Alipoiona ile kona alivua barakoa. "Nyabo, hii umeosha ama umechuna?"

"Unaweza kuliandika tena? Niko nayo kwa simu, nilimpigia mama picha."

"Mimi naandika malori ya Wapakistani kwa Kiurdu, lugha sijui hata salamu yake. Hili la Mzungu ndilo litanishinda?"

Dhahabu ilipotoka palibaki vidoa vyeusi, vidogo, vimejipanga kama siafu.

"Na hivi?" Damaris akauliza.

"Uchafu ya zamani. Mbao ikizeeka inatoa."

"Si upake tu juu, Hamuza! Wako njiani!"

Hamuza akamtazama kama ametukaniwa mama. "Juu ya uchafu? Ibambuke mgeni akipiga chafya? Rangi haishiki juu ya takataka. Kwanza msasa. Unasugua mpaka kucha inapita bila kukwama. Ukifanya haraka, gari linarudi."

Akasugua. Msasa mkavu kwanza, kisha wa maji, taratibu, ulimi katikati ya meno. Siafu wakaisha mmoja mmoja. Damaris alikuwa mlangoni, macho barabarani, akiomba foleni ya kutoka eapoti isifunguke, Mungu wangu, leo tu, isifunguke.

Hamuza akaandika kwa dhahabu ya mteja wa Patrol, akakausha kwa mashine ya joto, akamalizia na chai ya rangi kidogo ili jina lizeeke. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Hata mwenyewe akifufuka atasema ni mkono wake."

Gari likalia nje. Hamuza akapita mlango wa nyuma.

Madam aliingia na mgeni, Tamim, mtoto wa Wazanzibari kama yeye, kioo cha kukuzia tayari mkononi. Mgeni akainama kwenye kona. Akakaa hapo. Damaris alishika mpini wa mopu kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

"Ndilo hili jina?" Tamim akauliza.

"Ndilo," Madam akajibu.

Damaris akapumua. Akamwona mama yake kitandani, akauona mkono wake ukishika kalamu.

"Damaris, lete pamba na ile dawa yangu. Kisha usende, kaa uone, nawe ni mwanamke." Macho ya Madam yalikuwa yamelowa. "Bwana huyu hakuchora hata unyusi. Dalali ndiye aliyembandika hapa ili picha iuzike. Aliyechora ni bibi mwenyewe, mtawa, kajichora kwa mkono wake, na jina lake kaliandika papa hapa, chini ya dhahabu, kwa herufi ndogo nyeusi. Mashine imeona herufi, haikuweza kuzisoma. Duniani kote halikubaki pengine."

Akachovya pamba, akasema bismillahi, akafuta. Dhahabu ikatoka yote mara moja.

Chini palikuwa peupe pe. Madam akapitisha kucha, polepole, kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho. Haikukwama popote.