Askari Waliotulia

Spana iligonga mlango wa karakana ikaanguka. Tjitske hakuiokota. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikunjiki.

"Acha, hiyo nati nitaifungua mimi," alisema Wiebe, mumewe.

"Usinionee huruma. Fundi hapa ni mimi."

Mji mzima wa Leiden ulimletea baiskeli zake. Lakini kwa miaka sasa askari wa mwili wake, waliopaswa kupigana na maradhi, walikuwa wamegeuka kuvitafuna viungo vyake mwenyewe. Alikwisha kumeza kila dawa. Nyingine zilimtapisha, nyingine zilimnyonyoa nywele, hakuna iliyowatuliza.

Daktari Roelofs alimpa nafasi ya mwisho: sindano mpya, bado inajaribiwa. Wengine wangechomwa dawa, wengine maji ya chumvi tu, na hakuna ambaye angeambiwa amechomwa kipi.

Majira ya baridi yalipoingia, vidole vilianza kufunguka. Asubuhi moja alikaza spoki za gurudumu zima peke yake. Kweli, sindano ilimchosha, na harufu ya kahawa ilimfukuza kutoka jikoni.

"Dawa gani hii, bibie, inayogombana na kahawa?" Wiebe alimtania.

Tjitske alicheka. Kahawa angeiacha hata maisha yake yote. Matairi yaliyojaa kile chumba kidogo cha juu, walichokitunza kitupu miaka mingi kabla ya kukata tamaa, yakaanza kupungua kadiri alivyofanya kazi.

Ndipo hospitali ikapiga simu: sindano zake zinasimamishwa.

Alipanda baiskeli mvua ikimchapa, akaingia kwa daktari bila hodi.

"Kaa, Bi Tjitske."

"Sikai. Mmenilisha sumu miaka yote nikanyamaza. Leo dawa imenikubali, mnaninyang'anya. Hivi nyinyi mna moyo kweli?"

"Tulipopima damu yako juzi, ikabidi tufungue siri ya sindano zako. Hukuwa unapata dawa. Yalikuwa maji ya chumvi."

Tjitske alivitazama vidole vyake. Alivikunja, akavikunjua.

"Unanidanganya. Basi nani kawatuliza hawa askari?"

Daktari Roelofs alizunguka meza, akamsogezea kiti.

"Mwili ukipata mgeni wa kulindwa, askari hujifunza kuvumilia," alisema. "Kaa, nakuomba. Utajifungua mwezi wa Agosti."