Komeo la Mzee Sekiboko

Komeo lililia kacha gizani, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Washa taa," akasema Mzee Sekiboko.

Taa ya kamera ikaangaza sebule yake. Mlangoni alisimama Shaweji, kijana ambaye mzee alimchagua mwenyewe acheze mahali pake ule wasiwasi wake wa milango, uliochekesha watazamaji wa filamu zake miaka thelathini. Magoti ya mzee hayakuiweza tena kazi hiyo.

Shaweji akaondoka hatua mbili, akasita, akarudi kulinusa komeo kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Tunu, mjukuu wa mzee, akacheka hadi akateleza kitini.

Wivu ukamchoma mzee kifuani. Komeo hilo alilikagua kila jioni mbele ya Tunu, na mtoto hakuwahi kucheka.

"Unazidisha, bwana mdogo. Mimi sinusi komeo."

"Samahani, mzee. Jana nilikuona."

"Pisha huko, nikuonyeshe!"

Akafunga mara tatu, akaondoka, akarudi. Magoti yakalia. Akainama, na pua yake ikagusa chuma baridi. Alibaki hapo, akisubiri kicheko.

"Babu, mlango umefungwa," akasema Tunu.