Chaza Waliohama

Bi Unaisi alipozama na miwani yake ya kuzamia, Isikeli alishika ukingo wa mashua akamwomba Mungu chaza wasimuumbue.

Ufukweni, kijiji kizima cha Natoga kilikuwa kimesimama kinangoja. Miaka yote hii hawakuvua hata samaki mmoja kwenye mwamba ule wa matumbawe uliokuwa chini ya mashua. Waliuwekea mwiko ili viumbe wa bahari wapate kuzaliana. Sasa mfuko mmoja wa fedha za kuhifadhi mazingira ulikuwa umemtuma Bi Unaisi kutoka mji mkuu, Suva, aje aamue kama kijiji kinastahili kusaidiwa. Pesa zikipatikana, watapanda mikoko kabla bahari haijafika makaburini. Zisipopatikana, mawimbi hayatamngoja mtu.

Mlinzi wa mwamba alikuwa Isikeli. Mlinzi gani! Siku ya fainali ya raga alipanda boti kwenda mjini kushangilia, na aliporudi, sauti imemkauka, wezi walikuwa wamewakomba chaza wakubwa wote, wale wenye midomo ya buluu inayofumbuka chini ya maji. Hakumwambia mtu, hata mkewe Losena. Chaza ndio waliokuwa fahari ya mwamba. Mgeni asipowaona hao, ataonyeshwa nini?

Kwa hiyo Jumapili moja alijifanya tumbo linamkata. Losena alipotangulia kanisani, yeye akapiga makasia mpaka Korosau, ng'ambo ya ghuba, kwa akina mama yake. Huko nako walikuwa na mwamba wa mwiko. Alizamia wakati ndugu zake wakiimba tenzi katika kanisa la ufukweni, akawang'oa chaza mmoja baada ya mwingine, akawahamishia kwao Natoga.

Alijaribu sana kujitetea moyoni. Pwani ile, mtoto wa dada hapigi hodi ujombani: akitaka nguruwe anachukua, akitaka mashua anachukua, na wajomba wanacheka tu, hawamzuii. Lakini mpwa huchukua mbele ya watu, kwa kelele na majivuno. Yeye alinyemelea kama paka jikoni. Huo ulikuwa wizi, na tangu siku ile chakula hakikumpita vizuri kooni.

Bi Unaisi akaibuka, akitema maji ya chumvi.

"Wamenona!" alisema. "Wanafanana kabisa na wale niliowaona Korosau mwaka juzi."

"Bahari ni moja, mama," Isikeli alijibu.

Alasiri watu walikaa mikekani katika ukumbi wa kijiji, bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi cha kukaribishia wageni, likiwa katikati. Palikuwa na mgeni mwingine: Mjomba Waisale wa Korosau, kaka wa marehemu mama yake Isikeli, aliyepata lifti kwenye boti ya Bi Unaisi. Alikuja na mzigo wa magimbi na mdomo wake usiopumzika. Akaketi ubavuni kwa mpwa wake, akampiga kofi la paja.

"Mbona umekonda hivi, wewe? Losena hakulishi?"

"Namlisha, mjomba, usinipakazie!" Losena alidakia. "Usiku kucha anajigeuza utadhani kalalia siafu. Muulize mwenyewe ana nini."

"Ni joto tu," Isikeli alisema.

"Ungekuwa sisi ungesemaje? Chaza wetu wametoweka wote. Nikawaambia watu, labda wamekwenda kutembelea ndugu zao." Mjomba akacheka mpaka akajifuta machozi.

Isikeli hakuweza kucheka. Aliitazama mikono ya mzee yule, iliyomfundisha kuzamia tangu utotoni, akaona haya hadi masikioni. Alijiambia kwamba pesa zikishatangazwa atamwambia kila kitu. Alijua anajidanganya.

Bi Unaisi alipokea kifuu cha kava, akapiga makofi ya heshima, akanywa, kisha akasafisha koo.

"Natoga, hongereni. Mwamba wenu una afya kuliko yote niliyopitia."

Watu wakashangilia. Akangoja watulie.

"Ila fedha hizi ni za kufufua palipokufa, na hapa sijaona cha kufufua. Niwe mkweli kwenu: ningekuta mwamba mtupu, pesa zingekuwa zenu. Sasa zinakwenda Korosau, ambako hakubaki chaza hata mmoja."

Losena akaziba mdomo kwa kiganja. Mama mmoja ambaye mwanawe amezikwa karibu kabisa na maji alianza kulia polepole, na kilio chake kilimwingia Isikeli kuliko tusi lolote. Ni yeye aliyewanyima. Laiti angekiri siku ile ile ya fainali! Laiti hata angelala tu nyumbani asifanye lolote, mikoko ingekuwa yao.

Hakuweza tena kuvumilia. Akapiga magoti kumwelekea mjomba wake, machozi yakimtoka mbele za watu.

"Mjomba, chaza wenu... mimi ndiye..."

Mjomba Waisale akamshika bega, akamketisha, akamsogezea mdomo sikioni.

"Tulia, mpwa wangu. Tulikuona kanisa zima kupitia dirishani, na Jumatatu yake ndipo tulipokwenda Suva kuziomba hizi pesa."